Machozi ya Mtoto katika Siku ya Kuzaliwa Kwake

Somo kwa wazazi na walimu. Yasomwe kwanza: 1 Samweli 2:18–21, 1 Wafalme 19:1–9, Marko 6:21–29.



Mwezi huu twataka kuwaza pamoja nanyi jambo lionekanalo dogo, nalo lagusa nyumba nyingi za Wakristo. Siku hizi, mijini na hata vijijini, wazazi wengi huwafanyia watoto wao karamu katika siku ya kuzaliwa. Mama hupika pilau, keki huwashiwa mishumaa, majirani hualikwa, watoto huimba, zawadi hufunguliwa. Na mara nyingi, katikati ya furaha hiyo, mwenye siku mwenyewe huangua kilio. Hataki kukata keki. Hataki kumlisha babu yake kipande. Anagaagaa chini na nguo yake mpya, ama amejificha nyuma ya mlango, wala hataki kuitwa. Wageni hutazamana. Baba hukunja uso, akisema, “Mtoto huyu hana shukrani.” Shangazi husema, “Anadeka tu, mchapeni.” Na pengine hutokea mtu wa kunong’ona kwamba kulia siku kama hiyo ni uchuro.

Basi twauliza: Kilio kile ni nini? Ni ukaidi, ni uchuro, au ni jambo jingine? Na mzazi Mkristo afanye nini saa ile? Msidhani ya kuwa swali hili ni la mchezo. Katika dakika zile chache mtoto hujifunza neno kubwa: kwamba akilemewa, nyumbani kwao pana kimbilio, au hapana.

1. Siku ya kuzaliwa katika Maandiko

Tukitafuta katika Biblia karamu za siku ya kuzaliwa zilizotajwa waziwazi, twaziona mbili, nazo zote mbili ni za wafalme. Ya kwanza ni ya Farao, naye siku ile alimrudisha mnyweshaji wake kazini na kumtundika mwokaji wake (kitabu cha kwanza cha Mose, 40:20–22). Ya pili ni ya Herode, ambayo Yohana Mbatizaji alikatwa kichwa ndani yake. Kwa hiyo Origene, mwalimu wa kanisa wa karne ya 3, alizitazama karamu hizi kwa jicho baya. Nao Wakristo wa kale waliiheshimu zaidi siku ya kufa kwa mashahidi wao, wakiiita siku ya kuzaliwa kwao mbinguni.

Lakini Maandiko hayakatazi mtu kuikumbuka siku aliyopewa uhai, wala hayaamuru. Ni jambo la uhuru. Tena yako mahali pengine ambapo mwaka wa mtoto huhesabiwa kwa upendo. Hana alimtoa mwanawe Samweli akae hekaluni huko Shilo, na mwaka kwa mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea alipokwenda na mumewe kutoa sadaka. Fikirini kazi ile ya sindano. Kanzu ya mwaka jana haikumtosha tena; yampasa mama akisie mikono imerefuka kiasi gani, mabega yamepanuka kiasi gani, ya mtoto ambaye hamwoni kila siku. Haisemwi kwamba ilikuwa siku ya kuzaliwa kwake. Hata hivyo hapo twapata mfano mzuri kuliko wa Farao na Herode: mzazi anayemkumbuka mtoto jinsi alivyo mwaka huu, akampa kitu cha kipimo chake.

Neno hili, kipimo chake, tulishike, tutalirudia.

2. Moyo wa mtoto ni chombo kidogo

Ukimimina maji ya mtungi katika kikombe, kikombe hufurika. Hufurika kwa sababu ni kidogo, wala hakuna mwenye akili atakayekilaumu. Ndivyo ulivyo moyo wa mtoto wa miaka 3, 4 au 5. Furaha nyingi humfurisha kama vile huzuni nyingi, nayo njia ya kufurika kwake ni moja: machozi, kelele, na kususa.

Waganga waliochunguza mwili wa mwanadamu wametufundisha kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, imsaidiayo mtu kujizuia na kupima maneno yake, huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka 20. Basi tukimwambia mtoto wa miaka 4 ajizuie kama mtu mzima, twamdai mali ambayo bado hajapewa. Atajifunza kujizuia, naam, lakini kwa miaka mingi, na kwa kushikwa mkono.

Tuangalie sasa mambo yanayomlemea siku ile.

La kwanza ni kungojea. Ameambiwa habari za siku hii tangu majuma mawili. Kila asubuhi ameuliza, “Mama, ni leo?” Moyo wake umekimbia mbio kabla ya karamu kuanza, na ifikapo saa yenyewe amekwisha kuchoka.

La pili ni usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika maongozi yake ya mwaka 2019, lilisema kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 ahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo. Lakini siku ya karamu huamka mapema kwa shauku, mchana halali kwa kuwa nyumba ina kelele, na keki hukatwa jioni wageni wote wakiisha kufika. Twamketisha mezani saa ambayo siku nyingine yuko kitandani, nasi twashangaa analia.

La tatu ni macho ya watu. Wote humtazama yeye. Huyu amwita huku ampige picha kwa simu, yule ataka akumbatiwe, mwingine amwambia acheke. Mtu mzima aliyesimamishwa ghafula mbele ya usharika asome somo hutetemeka magoti. Mtoto naye hutetemeka, ila hana maneno ya kusema, “Naona haya.”

La nne ni mzaha wa wakubwa. Iko desturi ya kummwagia maji mwenye siku. Vijana hucheka, na waliotiwa maji hucheka pia, maana wanajua ni mchezo. Lakini mtoto mdogo aliyevikwa nguo mpya, aliyeambiwa tangu asubuhi asiichafue, akimwagiwa ndoo ya maji na mjomba wake ampendaye, huona ya kuwa amevamiwa. Kwake si mchezo. Mzaha usioeleweka na anayefanyiwa hauna furaha ndani yake, nao ufaa kuachwa mpaka akue.

La tano ni la ajabu, na wazazi wengi hawalijui. Wataalamu waliowauliza watoto wa miaka 3 hadi 5 walikuta kwamba baadhi yao hudhani karamu yenyewe ndiyo imwongezayo mtu umri. Kwao, asiyekata keki habadiliki. Abaki na miaka ileile. Sasa fikirini nyumba ambayo baba hakupata mshahara, akasema, “Mwanangu, tutafanya mwezi ujao.” Mtoto alia kama aliyefiwa. Sisi twasema, “Analilia keki, mlafi huyu.” Kumbe pengine analia kwa kuwa adhani amenyimwa mwaka wake, kwamba wenzake wote watakuwa wa miaka 5, naye ataachwa nyuma.

Basi kilio chake si uchuro. Mkristo hana haja ya kuogopa alama za namna hii. Siku zetu zimo mikononi mwa Bwana, wala machozi ya mtoto hayazigeuzi. Tena mara nyingi si utovu wa shukrani. Ni kikombe kilichofurika.

3. Aibu mbele ya wageni

Lakini twajua ya kuwa mzazi naye ana moyo. Ametumia fedha, amesimama jikoni tangu alfajiri, na sasa jirani na wakwe wanatazama. Aibu humpanda usoni. Hapo ndipo mkono huinuka.

Tumsome Herode tena. Marko asema kwamba mfalme alihuzunika sana alipoombwa kichwa cha Yohana. Moyoni alijua lililo haki. Lakini kwa ajili ya viapo vyake, na kwa ajili ya wale walioketi karamuni pamoja naye, hakutaka kukataa. Angalieni neno hilo: kwa ajili ya walioketi. Wageni walikuwa wakubwa machoni pake kuliko mtu asiye na kosa aliyefungwa gerezani.

Hatusemi kwamba baba amchapaye mtoto siku ya karamu ni Herode. Hasha. Lakini kishawishi ni cha ukoo mmoja: kumwumiza aliye mdogo ili kutunza uso mbele ya walio wakubwa. Mzazi ajiulize kwa haraka, kabla hajanena neno: “Kama tungalikuwa peke yetu nyumbani, ningalimpiga kwa kilio hiki?” Ikiwa sivyo, basi hampigi kwa ajili ya mtoto, ampiga kwa ajili ya wageni. Mtume Paulo awaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa (Wakolosai 3:21). Na mtoto aliyeaibishwa mbele ya watu wote, katika siku iliyoitwa yake, yu karibu sana na kukata tamaa huko.

Ninyi wageni pia mnalo fungu lenu. Mtoto akilia, msimzunguke, msicheke, msimpige picha. Zungumzeni ninyi kwa ninyi, mmwachie mama nafasi. Mgeni mwenye adabu asema, “Mama, usijali, sisi tutangoja,” naye amefanya kazi ya diakonia katika nyumba ile.

4. Jinsi Mungu alivyomtendea Eliya

Sasa tuulize: mzazi afanye nini? Twapata mafundisho mahali ambapo hatukutazamia, katika habari ya nabii mkubwa.

Eliya ametoka Karmeli, kwenye ushindi. Mara moto wa moyo wake umezimika. Amekimbilia jangwani, ameketi chini ya mti, aomba kufa. Mungu hakumkemea pale. Hakumwambia, “Jana tu nimekupa ushindi, na leo walia? Shukrani yako i wapi?” Kwanza Eliya akalala. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena. Hata alipokwisha kupata nguvu, akaenda mpaka Horebu, ndipo Bwana akamwuliza habari zake.

Angalieni utaratibu: kugusa, chakula, usingizi, maswali baadaye. Ikiwa Mungu alimlea hivyo nabii mwenye umri, sisi je, tusiwalee hivyo watoto?

Basi, mtoto akifurika siku yake, mama au baba amchukue kwa upole, amwondoe penye watu, waende chumbani au chini ya mti nyuma ya nyumba. Asihubiri. Maneno yawe machache: “Nimeona, mwanangu. Watu ni wengi, nawe umechoka. Niko hapa.” Ampe maji ya kunywa. Akitaka kushikwa, ashikwe. Asipotaka, mzazi aketi karibu bila kumlazimisha. Mtoto aliyepewa jina la lile linalomsumbua, kama haya, hofu, uchovu au wivu, hujifunza siku nyingine kulitaja badala ya kulilia. Akitulia, aulizwe kama ataka kurudi. Akilala, alale, keki itakatwa na ndugu zake, naye atawekewa kipande chake.

Na mashauri? Yaje kesho, moyo ukiisha kutulia.

Hapa mwalimu mmoja aweza kusema, “Je, mtoto aachwe afanye apendalo? Samaki mkunje angali mbichi.” Ni kweli, nasi hatupingi methali hii. Kulia si kosa, lakini kumpiga mdogo wake kwa sababu ya zawadi ni kosa, na kumtupia bibi sahani ni kosa. Mkono wake uzuiwe mara moja, kwa uthabiti, bila ghadhabu: “Una hasira, naona; lakini bibi hatupiwi kitu.” Kesho yake aongozwe kwa bibi kuomba radhi. Tuhukumu tendo, tusihukumu chozi. Anayekunja samaki hana haja ya kumvunja.

Wala tusiwasahau ndugu wa mwenye siku. Mara nyingi aliaye kwa nguvu kuliko wote ni mdogo wake au mkubwa wake, aonaye zawadi zote zikienda kwa mwenziwe. Katika mfano wa Bwana, baba hakumwacha mwana mkubwa nje na hasira yake. Alitoka mwenyewe akamsihi (Luka 15:28). Nasi tutoke tukamsihi.

5. Barua ya Martin Luther kwa mwanawe

Mwaka 1530 baba yetu wa imani Martin Luther alikuwa akikaa katika ngome ya Coburg, mbali na nyumbani kwake Wittenberg. Huko Augsburg wenzake walikuwa wakitayarisha Ungamo lile lililosomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni. Luther hakuweza kwenda, kwa kuwa tangu mwaka 1521 alikuwa amehukumiwa na Kaisari. Tarehe 5 Juni akapata habari kwamba baba yake mzazi, Hans, amefariki. Veit Dietrich, aliyekuwa naye, alimwandikia mke wa Luther kwamba mumewe alichukua Zaburi zake, akaingia chumbani, akalia sana.

Siku mbili baadaye, tarehe 7 Juni, mwana wake mkubwa, naye aitwa Hans, alitimiza miaka 4, baba hayupo. Na tarehe 19 Juni Luther akaketi akamwandikia mtoto huyo barua. Haitaji siku ya kuzaliwa; lakini tazameni alivyoandika. Hakumwelezea habari za Kaisari wala za Ungamo. Alimsifu kwa kujifunza na kusali, akamwahidi kumletea zawadi nzuri kutoka gulioni, kisha akamsimulia bustani nzuri, ambamo watoto wamevaa makoti ya dhahabu, wanaokota matofaa na matunda mengine chini ya miti, wanaimba na kurukaruka, tena wana farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Akamwambia kwamba hata yeye na rafiki zake wawili waweza kuingia humo, na shangazi pia.

Mtu aliyekuwa akibeba mzigo wa kanisa zima, naye amefiwa, alijua kuinama mpaka kimo cha mtoto wa miaka 4. Kama Hana, alishona kanzu kwa kipimo cha mtoto, wala si kwa kipimo chake mwenyewe. Na aliyelia chumbani na Zaburi zake hakuwa na sababu ya kuyadharau machozi ya mdogo.

6. Zawadi haidai malipo

Sasa tuifikie shina ya somo. Kwa nini twamkasirikia mtoto aliaye? Kwa kuwa moyoni tumefanya karamu kuwa biashara: sisi tumetoa keki, yeye yampasa kulipa kwa uso wa furaha. Asipolipa, twajiona tumedhulumiwa.

Lakini siku ya kuzaliwa yahubiri neno jingine. Hakuna aliyejizaa. Uhai wetu tulipewa kabla hatujatenda lo lote, na neema vivyo hivyo. Wengi wetu tulipoletwa kubatizwa tungali wachanga, tulilia maji yalipotugusa. Je, Mchungaji aliahirisha ubatizo mpaka tucheke? Usharika ulisema kwamba hatuna shukrani? Sivyo. Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu liliwekwa juu yetu katikati ya kilio chetu, nalo limebaki. Baba wa mbinguni hakutuuzia, alitupa.

Kwa hiyo twashauri, si kwa amri bali kwa upendo, nyumba ya Kikristo iiandae siku hii hivi. Wageni wawe wachache, wale ambao mtoto awajua. Saa iwe ya asubuhi, au baada ya usingizi wa mchana. Mtoto aambiwe mapema lile litakalotendeka, moja baada ya moja. Asilazimishwe kulisha watu keki wala kusimama kwa picha. Nyumba isiyo na fedha isione haya: uji mtamu na wimbo mmoja watosha. Na mtoto aelezwe waziwazi, “Mungu amekuongezea mwaka. Keki haiongezi mwaka, wala kukosa keki hakuupunguzi.” Kisha baba au mama aweke mkono juu ya kichwa chake, amshukuru Mungu kwa jina lake, na kumkumbusha ya kwamba amebatizwa. Luther mwenyewe alizaliwa tarehe 10 Novemba, akabatizwa kesho yake, siku ya Mtakatifu Martin, ndipo akapata jina lake. Siku hizo mbili zilikuwa jirani. Nasi tuziweke jirani katika nyumba zetu.

Bwana Yesu aliwakumbatia watoto, akaweka mikono yake juu yao, akawabariki (Marko 10:16). Haikuandikwa kwamba aliwachagua walionyamaza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika mafundisho

1. Kanzu ya Hana yatufundisha nini juu ya kumjua kila mtoto kwa kipimo chake?
2. Herode alimwogopa nani karamuni? Sisi je, tumewahi kuwaadhibu watoto kwa sababu ya macho ya watu?
3. Taja kwa utaratibu mambo ambayo Eliya alitendewa kabla ya kuulizwa neno. Ni lipi tulisahaulo zaidi nyumbani?
4. Kuna tofauti gani kati ya kuhukumu chozi na kuhukumu tendo?
5. Je, watoto wako waijua siku ya ubatizo wao? Ukiwa huijui, ukaulize usharikani, uiandike pamoja na siku ya kuzaliwa.

Neema ya Bwana iwe pamoja na nyumba zenu, na wadogo waliomo. Amina.